NILIVYOIONA BANDARI YA MASKATI



Kila nirudipo nyumbani Kilembe kwa likizo, vijana wa shule hunijia barazani na swali lile lile: "Kaka, meli ikifika katika mji wa kigeni, ninyi hufanya nini?" Wengine hudhani kwamba mfanyakazi wa meli hushuka kama mtalii, akatembea apendavyo, akalala hotelini, akarudi kesho yake. Mhariri wa gazeti hili, ambaye zamani tuliketi dawati moja, ameniomba niandike jibu ili nisilirudie kila mara. Nimekubali. Nimepita bandari nyingi za Asia, na katika nyingi sikuona ila ukuta wa ghala na winchi za kupakulia mizigo. Nitaeleza moja tu, niliyoiona kwa macho na kwa miguu. Nayo ni Maskati, mji mkuu wa Omani. Au niseme sawasawa zaidi, Muttrah, maana hapo ndipo penye bandari.

Yafaa kwanza niseme kazi yangu. Mimi ni dobi katika meli ya watalii. Msicheke. Meli yetu hubeba abiria zaidi ya elfu mbili, na shuka zao, taulo zao na vitambaa vya meza wanavyolia vyote hushuka kwetu chini, mahali pasipo na dirisha. Mtu aliyezaliwa Kilembe haogopi kufanya kazi mahali pasipofika jua. Baba yangu alifanya hivyo katika mgodi wa shaba mpaka kazi ilipokoma mwaka 1982.

Sasa jinsi meli inavyoingia. Nahodha, hata akiwa hodari namna gani, haingizi meli katika bandari ya watu peke yake. Nje ya bandari huja mashua ndogo ikimleta rubani, mtu wa mji ule ajuaye kina cha maji na miamba yake, naye hupanda kwa ngazi ya kamba huku meli ikiendelea kwenda pole pole. Kisha huja matagi kuisukuma na kuivuta hata ilale ubavuni mwa gati, kamba zifungwe. Baada ya hapo maofisa wa serikali hupanda kutazama hati. Mpaka wakubali, hashuki mtu. Abiria hushuka kwanza. Sisi wafanyakazi hufuata, wale tu ambao zamu yao imekwisha. Kila ashukaye huonyesha kadi yake mlangoni, nayo mashine huandika saa aliyotoka. Mlangoni pale pana ubao umeandikwa saa ya kurudi. Saa hiyo ndiyo sheria. Katika meli yetu mfanyakazi akichelewa hupewa onyo, na maonyo yakizidi hurudishwa kwao. Na meli ikiwa imekwisha kuondoka, ni shauri lake kutafuta njia ya kuifuata mpaka bandari nyingine, tena kwa fedha yake.

Siku ile, mwezi wa Desemba, ubao ulisema wafanyakazi warudi saa tisa alasiri. Zamu yangu ilikwisha saa nne asubuhi. Kwa hiyo mji mzima, pamoja na historia yake ya miaka mia kadhaa, nilipewa muda wa saa tano.

Tena nilikuwa na kazi ya kufanya. Nilipoaga nyumbani mara ya mwisho, baba aliniambia neno ambalo lilinikaa moyoni. Alisema kwamba alichimba shaba miaka yote ile, wala hakupata kuwa na kitu cha shaba mkononi mwake. Ninyi mnaosoma leo huenda mkastaajabu, lakini ni kweli. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese. Jiwe lilichimbwa mlimani, likasagwa, likachujwa kwa maji na dawa, hata likawa unga mzito wa rangi ya kijivu. Unga huo ulipakiwa katika garimoshi Kasese ukapelekwa Jinja, na huko ndiko ulikoyeyushwa ukawa shaba yenyewe. Kutoka Jinja shaba ilikwenda Mombasa, na Mombasa ikapanda meli. Mchimbaji aliona jiwe lenye vimeta na tope la kijivu, basi. Kung'aa kwake waliona wengine. Kwa hiyo nilikuwa nimeweka nia kwamba bandari yo yote nitakayopata nafasi, nitamnunulia mzee chombo cha shaba, na nilikuwa nimesikia kwamba soko la Muttrah ni soko la vyombo hivyo.

Ndani ya bandari hairuhusiwi kutembea kwa miguu. Basi hukuchukua kutoka ubavuni mwa meli mpaka lango kuu. Bandari hii huitwa Bandari ya Sultani Qaboos. Zamani shehena zote kubwa zilishushwa hapa, lakini mwaka 2014 mizigo ya biashara ilihamishiwa Suhar, kaskazini, na Muttrah ikaachiwa meli za watalii na vyombo vidogo.

Nilipotoka langoni nilisimama kwanza. Mji huu umebanwa. Nyuma yake ipo milima ya mawe matupu, ya rangi ya kahawia, isiyo na jani hata moja. Mbele yake ni bahari. Katikati hapo nyumba nyeupe zimejipanga kufuata pwani iliyopinda kama mundu, na juu ya majabali imo minara ya kulindia na ngome. Sisi tumezoea kwamba mlima ni kitu cha kijani, chenye mvua na migomba na, juu kabisa, theluji. Mlima mkavu namna ile sikupata kuuona. Nilihisi kana kwamba mtu ameuchuna ngozi.

Karibu na lango la bandari kuna soko la samaki, jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2017. Nikaingia, maana mtu wa Kasese ajua samaki: ngege, mamba, samaki wa Katwe na wa ziwa George. Hapa ngege si kitu. Nilikuta jodari wamelazwa kama magogo, mmoja alichukuliwa na watu wawili, nguru wa kimo cha mtoto, papa, pweza, na wengine nisiowajua jina. Mwenye kununua huchagua samaki wake kwa mvuvi, kisha humpelekea mkataji aliye upande mwingine, ambaye hulipwa mbali. Kisu chake hakisimami. Sakafu huoshwa kila mara, na kelele za kupatana bei zilinikumbusha soko la Mpondwe siku ya gulio, wakati watu wa Bwera na watu wa Kasindi wanapokutana mtoni Lhubiriha, kila mmoja akidai kwamba mwenzake ni mwizi, na wote wakirudi kwao wamefurahi.

Kutoka hapo nilifuata barabara ya pwani. Kwanza utaona msikiti wenye mnara wa buluu, na nyuma yake ukuta na lango la mtaa wa Walawatia, Waislamu wa Kishia ambao wazee wao walitoka upande wa Sindh. Mgeni haingii mtaa huo bila kualikwa. Nilitazama tu kwa nje nikapita. Mbele kidogo ndipo ulipo mlango wa soko.

Soko hili wenyeji hulipa jina la Soko la Giza, kwa kuwa vichochoro vyake ni vyembamba na vimeezekwa juu, hata mchana jua huingia kwa vitundu. Harufu hukupokea kabla ya mwenye duka. Ni harufu ya ubani. Ubani hutoka katika mti mdogo wa jimbo la Dhofar, kusini mwa Omani. Watu huukwangua gome, utomvu hutoka kama machozi, nao hukauka hata ukawa punje. Punje nyeupe zenye rangi ya kijani kidogo ndizo za bei kubwa. Vipo vyetezo vya udongo vya kufukizia, viko vya kila rangi. Na zipo tende, halua, zafarani, kanzu, majambia ya fedha, na kofia za kutarizi ambazo ukiona utasema uko Unguja. Nilitazama vichwa vya watu waliokuwa wakipita: wazee wengi walivaa kofia zile zile, na wengine walizungushia kilemba.

Nilipotazama chini niliona jambo jingine. Kichochoro kikubwa cha soko kinateremka kuelekea baharini, na pande zake zote mbili vijia vinamiminika ndani yake kama vijito. Nikamwuliza kijana mmoja kwa Kiingereza. Akaniambia kwamba soko limejengwa katika mkondo wa wadi, yaani mto wa msimu, ambao huwa mkavu mwaka mzima mpaka siku inyeshapo mvua milimani. Mwezi wa Juni mwaka 2007 tufani iliyoitwa Gonu ilipoipiga Omani, maji yalishuka kwa nguvu, na mji huu ukapata hasara kubwa. Wenzangu wa Kilembe hawahitaji kuelezwa zaidi. Sisi tuliouona mto Nyamwamba mwezi wa Mei mwaka 2013, na tena Mei 2020 ulipoibomoa hospitali yetu, twajua mawe yanavyonguruma usiku yakishuka. Tangu hapo sikutembea sokoni kama mgeni kamili.

Basi nikaanza kutafuta chombo changu. Duka la kwanza walinionyesha dele za kahawa, zile zenye mdomo mrefu uliopinda kama wa ndege, zinang'aa kama dhahabu. Wakasema ni za kale. Bei yake nilipoisikia nikashika mfuko. Ni lazima niwaeleze fedha ya huko: riali moja hugawanywa katika baisa elfu moja, nayo huzidi dola mbili na nusu za Marekani. Mtu asikie "kumi tu" akadhani ni rahisi! Duka la pili vivyo hivyo. Katika duka la tatu, dogo, lililo ndani kabisa, aliketi mzee mwenye ndevu nyeupe, na kijana, nadhani mjukuu wake, akipanga vikombe. Nilisalimu kwa Kiingereza. Mzee akaniitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia kijana akasema, polepole:

"Mkaribishe mgeni. Mpe kiti, bwana, mtu kasimama."

Nilidhani masikio yananidanganya. Alisema kwa Kiswahili! Kwa mshangao nikasahau yote niliyofundishwa darasani, na kinywani mwangu kikatoka kile Kiswahili chetu cha kambini Kilembe:

"Mzee, mimi iko nasikia Kiswahili! Ile birika yako iko bei gani?"

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Alaa! Wewe mtu wa wapi wewe?"

Nikarudia adabu yangu. "Shikamoo, mzee. Mimi natoka Uganda. Kwetu ni Kilembe, wilaya ya Kasese, chini ya mlima Ruwenzori."

"Marahaba, mwanangu. Basi Kiswahili chako kimekwenda kwa miguu mpaka huko, kimechakaa viatu njiani. Keti."

Kahawa ikaletwa, nyepesi, ya iliki, katika kikombe kisicho na mkono, na tende pamoja nayo. Ukimaliza, usipokitikisa kikombe watakujazia tena. Hilo nililijua baada ya kikombe cha nne.

Hapa nikatishe kidogo habari ya mzee, nieleze kwa nini Kiswahili kisemwe Uarabuni, kwa sababu najua wadogo zangu wa kidato cha kwanza watauliza. Wareno waliiteka Maskati mwaka 1507, na ngome mbili kubwa zilizopo mpaka leo katika mji wa kale, Mirani na Jalali, wao ndio waliozijenga, karibu na mwisho wa karne ile. Mwaka 1650 Waomani waliwafukuza. Hawakuishia hapo; waliwafuata mpaka pwani yetu, wakaizingira Fort Jesus ya Mombasa karibu miaka mitatu, wakaitwaa mwaka 1698. Baadaye Sayyid Said bin Sultan akaipenda Unguja kuliko Maskati hata akahamishia makao yake huko, akapanda karafuu kwa wingi. Alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua kwamba Unguja na Maskati ziwe dola mbili, na Unguja ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Kwa muda wote huo majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakileta tende, chumvi na papa mkavu, na yalirudi na kusi yakichukua boriti, karafuu na pembe. Boriti za mikoko ya pwani yetu ziliezeka nyumba za Uarabuni, kusikokuwa na miti.

Sitaficha kwamba yalichukua na watu pia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wala biashara ile haikufa siku ile ile. Na Omani yenyewe haikufuta utumwa mpaka mwaka 1970. Nilipokuwa nikitembea sokoni niliona watu wenye sura kama zangu, wamevaa kanzu na kofia, Waomani kamili. Wazee wao baadhi walikuja kwa hiari, wengine hawakuja kwa hiari. Sikumwuliza mtu ye yote mtaani habari hiyo. Lakini mtu mweusi hawezi kuitazama bahari ile bila kuifikiri.

Kiswahili chetu cha Kilembe nacho kina njia yake. Mwaka 1844 mfanya biashara wa Kiarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika katika baraza ya Kabaka Suna akitoka pwani. Baada ya wafanya biashara wakaja askari wa King's African Rifles, na reli, na mwisho mgodi, ambao ulikusanya Wakonjo, Watoro, Wakiga, Wanyarwanda, watu wa kaskazini na watu wa Kongo katika nyumba za safu moja. Watu hao wangesemezana kwa lugha gani? Kila mmoja alichukua kipande cha Kiswahili akakitumia kama koleo, bila kujali uzuri wake.

Mzee yule alizaliwa Unguja. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalimkuta mtoto. Watu wengi waliuawa, hasa wenye asili ya Kiarabu, na maelfu walikimbia. Mama yake alimpandisha chomboni pamoja na ndugu zake, na wakahangaika katika nchi za watu miaka kadhaa. Wala Omani ya siku zile haikuwa nchi ya kukimbilia. Ilikuwa na shule tatu tu na barabara ya lami ya maili chache. Milango ya mji wa Maskati ilifungwa usiku, na atembeaye baada ya hapo sharti achukue taa. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, lakini nchi ilifunguka Julai 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala akawaita Waomani waliotawanyika warudi kujenga. Waliosoma Unguja walitakiwa sana, maana walijua hesabu, udaktari, ualimu na Kiingereza. Wengi wao Kiarabu walikuwa hawakijui.

"Tulifika kwetu," mzee aliniambia, "tukawa wageni. Kule tuliitwa Waarabu, huku tukaitwa Wazinjibari. Nyumbani kwangu watoto waliapa hawatasema Kiswahili, wakaogopa kuchekwa. Huyu mjukuu wangu anasikia, kujibu anajibu kwa Kiarabu."

Kijana akatabasamu akaendelea kupanga vikombe.

Kisha mzee akaniuliza: "Na huo mgodi wenu ulipofungwa, watu walikwenda wapi?"

Swali hilo hakuna mtu aliyepata kuniuliza, hata Uganda. Nikamweleza kwamba wengine walirudi makwao, na wengine walikuwa hawana tena makwao pa kurudi, maana watoto wao walizaliwa Kilembe na mashamba yao ya asili yalikuwa yamekwisha kugawanywa. Walibaki katika zile nyumba za kampuni, wakalima kiasi, wakachuuza. Nikamweleza na garimoshi ambalo halifiki tena Kasese. Alisikiliza bila kunikatiza, akinipa tende.

"Unataka dele ya shaba ya baba yako," akasema. "Haya, katika hizi, ipi ya shaba?"

Zilikuwa tano juu ya rafu. Nikachagua ile iliyong'aa zaidi. Mzee akatikisa kichwa. Hebu fikirini aibu yangu: mtoto wa Kilembe, niliyecheza juu ya marundo ya masalio ya mgodi, siijui shaba!

"Watu huita zote shaba," akasema, "lakini hiyo ni shaba ya manjano, shaba iliyochanganywa na zinki. Hii nyingine ni chuma kilichopakwa rangi." Akatoa sumaku ndogo mfukoni, chuma kikaikamata papo hapo. "Sumaku haishiki shaba wala shaba ya manjano. Sasa geuza chini, mahali pasipong'arishwa. Manjano hubaki manjano. Shaba nyekundu ni nyekundu kama udongo uliolowa, na ikikaa huwa kahawia, na ikipata unyevu hutoa kutu ya kijani. Tena tazama ndani. Shaba ya kupikia sharti ipakwe bati ndani, kwa sababu vitu vikali huila shaba, na chakula kikawa sumu. Pakiwa pekundu ndani, usinywee."

Akaniambia na jambo jingine, ambalo baadaye nilithibitisha katika vitabu: kwamba Omani ni nchi ya shaba tangu zamani za zamani. Zaidi ya miaka elfu nne iliyopita watu wa Sumeri, katika Iraki ya leo, waliandika juu ya vigae vya udongo habari za shaba iletwayo na vyombo kutoka nchi ya Magan, nayo, kama wataalamu wasemavyo, ni upande huu wa Omani. Machimbo yao ya kale yapo milimani nyuma ya Suhar, na katika miaka ya 1980 serikali ilichimba na kuyeyusha shaba huko tena.

Ndipo akaenda nyuma ya duka akarudi na dele ndogo, nyeusi, yenye kishindo cha kubonyea tumboni. Aliikwangua chini kwa ukucha wa kisu. Nyekundu! Ndani ilipakwa bati, ingawa limeanza kuisha. Si ya kale sana, alisema, wala si nzuri, lakini ni shaba. Bei yake riali kumi na nane. Mimi nilikuwa na kumi na nne. Tulipatana, si kama ndugu, maana mfanya biashara ni mfanya biashara. Alishuka mpaka kumi na tatu, akaniachia moja ya kununua maji na punje za ubani kwa mama. Kijana akaifunga katika gazeti.

Kumbe saa saba ilikuwa imepita. Maduka ya soko hufungwa wakati huo mpaka alasiri, na milango ilikuwa ikishushwa pande zote. Mzee mwenyewe alinichelewesha au mimi nilimchelewesha, sijui. Ye yote kati yenu atakayefika huko kwa meli akumbuke: sokoni aende asubuhi kwanza, ngome na pwani azibakize kwa mchana, hazifungwi kama maduka. Nami nilikuwa nimetaka kufika Maskati ya kale, iliyo nyuma ya mlima, maili chache kutoka Muttrah, nizione Mirani na Jalali. Sikuziona ila kwa mbali siku ile, tulipokuwa tukitoka baharini. Niliitazama ngome ya Muttrah tu, juu ya jabali lake, kisha nikarudi pwani kwa haraka.

Langoni nikakuta basi la bandari limeondoka sasa hivi, na lingine halionekani. Saa tisa kasoro dakika ishirini. Nikamsihi askari aniruhusu nitembee, nikamwonyesha meli ile pale, mita mia chache tu. Akasema hapana, na alikuwa na haki. Niliketi juu ya jiwe nimekumbatia dele. Kwa muda ule nilihesabu mshahara wangu, ada ya mdogo wangu, na maneno nitakayomwambia msimamizi. Basi likaja. Nilipitisha kadi mlangoni saa tisa kasoro dakika nne, jasho likinitiririka, na baada ya nusu saa nilikuwa chini nikikunja taulo.

Nilimpelekea baba dele ile mwezi wa Aprili. Alikuwa ameketi nje, karibu na ukuta wa nyumba. Akaifungua gazeti lake lenye maandishi ya Kiarabu, akaipima uzito kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono mwingine. Akaigeuza, akatazama pale mzee alipokwangua.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii, baba."

"Yaweza kuwa imetoka hapa?"

Nikamwambia kwamba shaba ikiisha kuyeyushwa hakuna ajuaye ilikotoka. Akaikubali habari hiyo. Mama alisema tusipike kahawa ndani yake mpaka bati lipakwe upya, na mpaka leo hatujampata fundi wa kazi hiyo Kasese, kwa hiyo baba huitumia kwa kuwekea tumbako.